Boma Lililo Chini ya Mji wa Kioo

Asubuhi niliyofika kwenye ule mji mpya wa ofisi, nilikutana na rundo la visubi, wale wadudu wadogo wa ziwani, kabla sijaona jengo lolote. Wanawake wawili wenye ovaroli za kijani walikuwa wakiwasukuma kwa mafagio mapana kutoka chini ya ukuta wa kioo hadi ukingo wa barabara, na rundo lilikuwa limefika magotini mwao. Sisi watu wa ziwa visubi tunawajua. Hutoka majini kama moshi, hufuata mwanga, kesho yake wamekufa. Nyumbani tulizoea kuzima taa na kula kwa kupapasa, nao wakapita zao. Lakini mji ule hauzimi taa. Umevikwa vioo toka chini hadi juu, na usiku kucha unawashwa ili wapita njia waone unavyong'aa. Kwa hiyo visubi wakitoka wanakuja wote, wanajipiga kwenye vioo, wanaanguka. Umande ukiwalowesha wananuka kama omena, dagaa wa kwetu, waliosahauliwa kwenye gunia.

Nilifunika pua. Mama mdogo, mke wa baba yangu mdogo, niliyekuwa nimemsindikiza, hakufunika. Alisimama akitazama ukuta ule mrefu, chungu kidogo kikiwa kwapani kimefungwa kwa leso, akaniuliza watu wanaofanya kazi mle ndani wanaficha wapi mambo yao.

Watu wa Rongo wanauita mji huo Kioo, na mimi nitauita hivyo hivyo. Uko juu ya kilima kimoja upande wa Homa Bay, mbali kidogo na ziwa, ila si mbali ya kuwashinda visubi. Ulipangwa wote kwenye karatasi kabla jiwe la kwanza halijawekwa: ofisi hapa, mahakama pale, nyumba za wakubwa kule, barabara zote zikikutana kwenye uwanja wa katikati. Wanafunzi wa ujenzi huletwa kwa mabasi kuutazama. Miaka michache iliyopita, nikiwa Dodoma, fundi mmoja wa vigae alinionyesha picha yake kwenye simu akaniuliza kama kweli ni kwetu. Nikamwambia ndiyo, ni kwetu, tena kilima kile ninakijua kama kiganja changu. Nilisema kwa majivuno. Nikikumbuka majivuno yale sasa nasikia kichefuchefu kilekile cha visubi.

Mimi ni mtu wa kutembea. Nilimaliza kidato cha nne nikashika njia, na hadi leo nikiwa nimevuka arobaini sijakaa mahali nikapachoka vizuri. Nimepakia samaki Mwanza, nimepaka rangi Kampala, nimeuza mitumba Eldoret. Nikifika mahali naanza kukumbuka nilikotoka, na nikirudi nilikotoka nakumbuka njia. Lakini katika kumbukumbu zangu zote, boma moja halikuwahi kuhama. Lilikuwa boma la baba mdogo, ndugu mdogo wa baba yangu, na lilikuwa juu ya kilima hicho.

Shule zilipofungwa nilipelekwa huko. Ua ulikuwa wa manyara, ile mimea inayotoa maziwa ya kuchoma macho. Nyumba ya mama mdogo ilitazama moja kwa moja lango, kama inavyotakiwa kwetu, na kutoka mlangoni ungeona milima miwili na nafasi katikati yake, na kwenye nafasi hiyo kipande cha ziwa chembamba kama ukanda. Udongo ulikuwa mweusi. Kiangazi ulipasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, masika ulishika viatu hadi mtu akaamua kuviacha. Baba mdogo alilima mtama humo na kuvua pia, akishuka kilimani na nyavu zake begani. Alikuwa mtu wa mizaha. Aliwaambia watu kwamba mimi ni mkwe wake, nimekuja kumwangalia bintiye, na bintiye wakati huo alikuwa ananyonya.

Siku moja alishuka hakupanda. Mtumbwi ulipatikana umepinduka, miili ya wenzake wawili ilipatikana, wake haukupatikana. Walitafuta hadi wakakata tamaa. Kwetu mtu hawezi kuachwa hivyo hivyo, bila kaburi, maana watoto wake hawatajua pa kusimama. Mwili ukikosekana, hutafutwa tunda la mvungunya, lile refu na zito kama mkono wa mtu mzima, ambalo kwa Kijaluo huitwa yago. Linaoshwa, linavishwa, linaliliwa, linazikwa. Baada ya hapo hakuna anayelitaja tena kama tunda. Nilikuwepo siku hiyo. Baba mkubwa, kaka yao wa kwanza, ndiye aliyelishusha kaburini kwa mikono yake, kulia kwa nyumba, mahali pa mwenye boma. Mama mdogo alilia kama wanavyolia wajane wote.

Miaka ikapita, watu wa vipimo wakaja. Wenye maboma yote ya kilimani wakaambiwa wahame, wakapewa ardhi kwingine, na mama mdogo akapata kipande upande wa Uriri. Makaburi yalihamishwa kwa heshima, hilo lazima niliseme. Kila ukoo ulifukua mifupa yake mbele ya wachungaji, ikafungwa kwa shuka jeupe, ikaenda. Kaburi la baba mdogo peke yake halikuguswa. Mimi nilikuwa Kampala. Nilipouliza baadaye, niliambiwa kwa ufupi kwamba waliosimamia kazi waliandika hakuna mtu, basi. Nikaamini ni ujinga wa maofisa. Ilikuwa rahisi kuamini.

Mwaka huu mama mdogo aliugua kifua, akalazwa, akatoka akiwa nusu ya mtu niliyemjua. Nilipofika Uriri kumwona hakuzungumzia dawa. Alizungumzia mahali pa kulazwa. Mke huzikwa kushoto kwa nyumba, mume kulia, na pale Uriri kulia kwa nyumba yake palikuwa na migomba tu. Alisema akifa vile atakuwa kama mgeni aliyekufa safarini. Alitaka mumewe awepo kwanza. Alikuwa amemwomba baba mkubwa walizike tunda lingine, baba mkubwa akakataa: mtu hazikwi mara mbili. Ila mzee hakuufunga mlango wote. Alisema udongo aliolalia mtu unaweza kuhama kama watu wanavyohama. Aletewe udongo wa kaburi lile, naye ataupokea. Bila huo, asisumbuliwe.

Ndiyo maana tulikuwa Kioo, na ndiyo maana ya kile chungu.

Mlinzi wa lango aliangalia miguu ya mama mdogo kabla ya kuangalia uso wake. Alivaa akala, viatu vya tairi.

"Mama, hizo akala hapana. Zinakwaruza sakafu."

Mama mdogo akavua, akazishika mkononi. Mlinzi akasema miguu mitupu pia haikubaliwi, ni amri. Mama mdogo akamuuliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, sasa avae nini, aingie kwa mikono? Watu kwenye foleni wakacheka, hata mlinzi akacheka, akaenda kutafuta vile vifuniko vya plastiki vya bluu ambavyo madaktari huvaa juu ya viatu. Akamvisha mwenyewe, ameinama, akimwita nyanya. Alipofika kwenye chungu akauliza kuna nini ndani.

"Hakuna kitu bado," mama mdogo alisema.

Tuliruhusiwa kuingia na kundi la wanafunzi wa ujenzi, nyuma ya kijana mmoja aliyevaa tai ambaye kazi yake ni kuzungusha wageni. Alikuwa mchangamfu, na alikuwa ameyakariri yote. Sakafu hii imetoka ng'ambo. Dari lile linafanana na mbawa. Kioo hiki kinajisafisha chenyewe mvua ikinyesha. Mwanafunzi mmoja akaangalia juu, mahali ambapo wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni walikuwa wamejipanga ukingoni mwa paa, na michirizi myeupe ya kinyesi chao ikishuka ghorofa baada ya ghorofa, akasema basi leo hakijaoga. Kijana wa tai akacheka nasi. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningejua pa kuitupa hasira yangu.

Sijui nieleze vipi jinsi mahali pale palivyonichukiza. Nimeona majengo mabovu maishani mwangu na sikuyachukia. Jengo la mabati lenye kutu halimdanganyi mtu. Kile kilikuwa kitu kingine. Ukumbini kulikuwa na majani ya plastiki kwenye vyungu vikubwa, na vumbi juu yake limekuwa utando, ilhali nje kilima kizima kinaota majani bure. Ndani kulikuwa na joto kama chini ya turubai la nailoni, kwa sababu madirisha hayafunguki na mashine za kupooza hewa zilikuwa zimezimwa. Watu waliokuja kutafuta huduma waliketi kwenye viti vya chuma wakitiririka jasho, na jasho lao, na manukato ya makarani, na harufu ya visubi iliyopenya kila mlango ulipofunguka, vyote vilichanganyika kuwa kitu unachokimeza hata ukifunga mdomo. Niliingia chooni. Mlango wa kioo cha ukungu, beseni kama yai, bomba lisilo na mpini. Unaweka mkono maji yaje yenyewe. Niliweka mkono. Hayakuja. Maji hayapandi kilimani, mtu wa pembeni alinieleza, akiniashiria mtungi wa plastiki kwenye kona na kikombe kinachoelea ndani yake. Kikombe kilikuwa na ukingo wa manjano. Sitaelezea yaliyokuwa kwenye vyoo vyenyewe. Nilitoka bila kunawa.

Niliporudi, kundi lilikuwa limefika uwanja wa katikati, na mama mdogo hakuwemo.

Nilimwona akitembea kinyumenyume. Alikuwa amewapa mgongo wanafunzi, macho yake kwenye milima miwili iliyoonekana kati ya jengo la mahakama na jengo la ofisi, akirudi hatua, anasogea kushoto, anarudi tena, kama mtu anayemwongoza dereva wa lori. Alikuwa anautafuta mlango wake. Nafasi ya milima ilipokaa sawa machoni pake alisimama, akageuka polepole upande wa kulia, akanyoosha mkono.

"Yuko hapo," aliniambia.

Hapo palikuwa na bwawa. Kijana wa tai alikuwa akilieleza wakati huohuo: limechimbwa katikati ya mji ili majengo yote yajitazame ndani yake. Siku ile hakuna kilichojitazama. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, yenye ngozi juu yake, na ngozi hiyo ilitikisika polepole kama uji unaopoa. Chupa za soda zilielea. Vijumbamshale waliojigonga kwenye vioo walielea pia, wamevimba, mabawa wazi. Ukingoni kulikuwa na mstari wa visubi waliooza, na juu ya mstari huo nzi. Chura mmoja alikaa kwenye kiti cha ngozi cha ofisi ambacho sijui nani alikitumbukiza mle.

Mama mdogo aliketi ukingoni akaanza kuvua vile vifuniko vya bluu. Nilijua anataka kushuka. Kijana wa tai akaja mbio, akamshika mkono kwa upole, akamwambia haruhusiwi, maji yale yatamtoa vipele. Wanafunzi walikuwa wameanza kutupiga picha. Nikamweleza kijana kwa ufupi, kwamba hapa lilikuwa boma, kwamba mume wake yuko chini, kwamba tunataka udongo kidogo tu, kiasi cha kujaza chungu, halafu tutaondoka. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alifikiri litatupa nafuu.

"Mzee, chini ya hili bwawa hakuna udongo wenu. Huo mweusi hauwezi kubeba jengo, unavimba na kupasuka. Uliondolewa wote kabla ya kazi kuanza. Chini hapa ni kifusi cha mawe kutoka mbali, halafu saruji."

"Mimi ulinibebea nyumba," mama mdogo alisema.

"Nyumba ndogo, mama."

"Ndogo, eee. Na haikunuka."

Nikamuuliza kijana udongo huo ulipelekwa wapi. Alisita. Alisema sehemu ulimwagwa nyuma ya jikoni, kwenye bonde, na si mahali pa kupeleka wageni. Nilimwona mama mdogo akifunga leso upya kwenye chungu. Akamwambia kijana atupe dakika tupumzike kwanza, na kijana akawarudia wanafunzi wake.

Tuliketi kwenye benchi ya saruji iliyochomwa na jua. Nilianza kuwatukana. Niliwatukana waliochora mji, waliopima ardhi, na waliokuja kwenye boma la mjane wakaona kaburi wakaandika hakuna mtu. Mama mdogo aliniacha niseme hadi nilipofika hapo.

"Wasingizie mengine," alisema. "Hilo nililisema mimi."

Akanieleza huku akitazama bwawa. Kabla watu wa vipimo hawajaja, mchuuzi mmoja wa samaki kutoka ng'ambo ya mpaka alipita akasema amemwona Musoma mtu anayefanana na mumewe, mwenye pengo lilelile la meno, mwenye mizaha ileile, anashona nyavu ufukweni. Hakumwambia mtu. Watu wa vipimo walipomuuliza kaburini kuna nani, alijua anachotakiwa kujibu; baba mkubwa alikuwa amewafundisha wote cha kusema. Lakini ulimi ulikataa. Aliona akisema yumo humo, atakuwa amemuua kwa kinywa chake mwenyewe, na huenda wakati huo yuko Musoma anashona. Akasema hapana mtu, ni tunda. Wakaandika, wakaenda.

Kisha nikamuuliza kama sasa anaamini alikufa siku ile.

"Sijui. Lakini hata kama alikuwa Musoma, miaka imepita mingi, sasa atakuwa amekufa," alisema. "Na mimi ninakwenda. Nani atamngoja?"

Akainuka. Kijana wa tai alituona tukielekea nyuma, akawaacha wanafunzi wakijipiga picha, akatufuata akinung'unika.

Nyuma ya jiko la ofisi Kioo kinaisha ghafla. Ukuta mweupe, bomba linalotoa maji ya kuoshea vyombo, halafu bonde. Bonde lilikuwa limejaa nusu. Chini kabisa uliona udongo wetu, mweusi, na nyufa zake zilezile. Juu yake palikuwa pamemwagwa kila kitu kinachotoka tumboni mwa mji ule. Mifupa ya samaki. Mafuta ya chipsi yaliyoganda kama nta ya kijivu. Nepi za watoto. Karatasi za chooni. Wali uliochachuka na kuota manyoya. Korongo wenye upara walikuwa wengi huko kuliko paani, wanatembea kwa heshima kama wazee wa kanisa, wanachagua. Maboga yalikuwa yameota kwenye takataka, na yalistawi vibaya, majani mapana, yenye mafuta. Udongo ule ulikuwa bado unazaa. Nilijishika ukutani nikatapika chai ya asubuhi, na korongo mmoja akaja kuiangalia.

Mama mdogo alishuka. Vifuniko vya bluu vilichanika hatua za kwanza tu, akaendelea na miguu mitupu. Nilimfuata nikiwa nimeziba pua kwa kola ya shati. Alifika mahali udongo ulipojitokeza, akasimama akigeuka huku na huku. Hapakuwa na milima ya kumwonyesha kitu huko chini, wala mlango, wala kulia na kushoto. Kilima chote kilikuwa kimechanganywa pamoja, zizi na jiko na shamba na kaburi, mabomba ya maji machafu yakipita katikati.

Akasema naye. Hakupaza sauti, alisema kama mtu anayezungumza na aliyelala chumba cha pili.

"Baba watoto, ni mimi. Sijui uko wapi hapa. Sogea."

Alingoja kidogo. Kisha akachuchumaa akaanza kuchimba kwa vidole. Tabaka la juu lilikuwa limelowa mafuta, likimng'ang'ania mikononi. Nilimsaidia. Sijawahi kushika kitu kilichonichukiza kama kile, na nilikuwa nimewahi kufanya kazi ya kuosha mapipa ya samaki. Kijana wa tai alitusimamia juu, tai yake ameifunga puani. Alituita. Alisema anaweza kutupa udongo wa bustani ya maua, mwekundu, safi, uliochekechwa, hata gunia zima, akatusihi tuache ule. Mama mdogo akamshukuru, akamwita mwanangu, akaendelea kuchimba. Alijaza chungu hadi shingoni, akakishindilia kwa ngumi, akakifunga.

Bodaboda waliotubeba walilalamika njia nzima. Mmoja aliuliza kama tumebeba samaki wa juzi.

Uriri, baba mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya nyumba ya mama mdogo, kofia kichwani, fimbo magotini. Hakuna aliyemtuma mtoto kumwita. Alikuja mwenyewe baada ya kusikia tumekwenda. Alifungua leso, akainama, akarudisha kichwa haraka.

"Huu unanuka," alisema.

Mzee akanigeukia mimi. Aliniuliza kama niliuona ukitolewa, nikasema niliuona, hata mikono yangu ilikuwa shahidi. Aliniuliza kama ni wa boma lile. Nikasema ni wa kilima kile, wa pale pale. Sikusema bonde, sikusema jikoni. Akakitazama chungu muda mrefu, nzi wakikizunguka, kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Na yeye yumo?"

Ningesema uongo, ningeapa hata, lakini mama mdogo aliwahi.

"Shemeji," alisema, "uliposhusha lile tunda hukuuliza kama yumo."

Sijawahi kumsikia mwanamke wa ukoo wetu akilitaja tunda mbele ya mzee yule. Nilidhani atainuka aondoke. Alizungusha fimbo yake mkononi, akatema mate pembeni kwa sababu ya harufu, akatema tena. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na sikuweza kujua ni kwa kinyaa au kwa kitu kingine. Mwishowe akaniambia nikate migomba iliyo kulia kwa nyumba, nilete jembe.

Tulizika jioni hiyo, jua likiwa bado lipo. Mzee alikishusha chungu mwenyewe, mkono mmoja ukiwa puani.

Asubuhi tulikuta mbwa wamefukua. Mafuta ya chipsi yaliwaita kutoka maboma yote ya jirani, na walikuwa wamekivunja chungu na kulamba vigae. Mama mdogo alitoka na ufagio, akawafukuza akiwatukana kwa mama zao, akaurudisha udongo shimoni kwa mikono, pamoja na vigae, pamoja na mate ya mbwa. Kisha akanituma mawe. Nilipoleta madogo aliyakataa. Niliyakokota makubwa kutoka kijitoni hadi mgongo ukaniuma, naye akayapanga moja moja, akiyatikisa kuona kama yanacheza, akiyabadilisha, hadi akaridhika kwamba hata ng'ombe hangeyasukuma. Baba mkubwa alipita, akatazama, akaweka la kwake juu, akaenda bila salamu.

Kisha mama mdogo alizunguka upande wa kushoto wa nyumba, akasafisha majani kwa mguu, akanionyesha mahali. Akataka nipaone vizuri, kwa kuwa mimi husafiri, na siku akifa huenda watakuja kuniuliza ni wapi.

Tulipomaliza alipika samaki mzima, na kichwa chake. Alikuwa hajala chakula cha maana tangu atoke hospitali. Siku ile alikula ugali wake akaongeza, akanyonya mifupa, akatoa macho ya samaki akayala, akauliza kwa nini sili. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Nilisogeza tonge karibu na mdomo, na kutoka kwenye vidole vyangu Kioo chote kikaja: bwawa, nepi, visubi, mafuta. Nikalirudisha sahanini. Akalichukua akalila yeye.

Siku iliyofuata nilipanda gari la kwenda Mwanza. Tulipokuwa tukipita Suna mwenzangu wa kiti alinionyesha simu yake, picha ya Kioo usiku, kinang'aa. Akauliza kama nimewahi kufika. Nikamwambia hapana.